Sufuria Yenye Mkono wa Chuma

Benon, yule fundi wa kuchomelea vyuma pale Nyamityobora, usimwone mpole. Ana ulimi huyo! Ijumaa moja ya mwaka 2012, mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda, umefurika watu, jenereta zinanguruma na cheche zinaruka hadi barabarani, alitokea msichana aliyejifunga kitenge cha njano. Mkononi alishika sufuria iliyong'oka mkono, kwapani karatasi iliyokunjwa. Benon akavua miwani yake ya kazi, akasahau kuzima mashine.

"Nyabo, karibu. Natengeneza sufuria ama mwenye sufuria?"

"Mimi niko muzima. Tengeneza sufuria, kisha uangalie hii karatasi."

Karatasini palichorwa kinu cha kukamulia miwa. Benon akacheka.

"Kumbe wewe iko nauza juisi?"

"Unacheka nini? Kwetu Kongo, mu bonde la Ruzizi, kulikuwa kiwanda kubwa ya sukari. Papa alikuwa anatumika mule. King'ora ikilia, mutaa muzima unaamuka. Vita ikakuja, kiwanda ikakufa, batu bakabaki bila kazi. Mimi nasoma uchumi hapa Mbarara juu nirudi niifufue."

"Peke yako?"

"Nitaanza na kinu kidogo, kule Nakivale. Ikitembea, nitakuwa na kitu ya kuonyesha batu. Utanisaidia ao utaendelea kucheka?"

Benon hakucheka tena. Aliipa sufuria mkono mpya wa chuma, mnene na mbaya wa sura, na malipo akayakataa katakata. Akabaki na ile karatasi ya kinu, akaomba namba ya simu tu.

Jina la msichana lilikuwa Pélagie. Alikuja Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama yake mkubwa katika kijiji cha Kashojwa. Benon naye alizaliwa katika kambi ya jeshi, mtoto wa sajini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini vilevile. Lakini mapenzi hayaulizi sarufi, jamani! Kila jioni simu ililia.

"Mpenzi, ile kinu yako inanimaliza. Leo nimeota iko nanikamua mimi."

"Na ulitoa maji?"

"Mingi, bambi! Tamu kabisa!"

Pélagie alicheka mpaka wenzake wa bwenini wakagonga ukuta.

Kisha siku moja akapiga simu na sauti imeshuka. "Benon, banatuita Amerika. Mama mukubwa amepita interviu ya kuhamia kule, na mimi niko mu dosiye yake, faili ni moja."

Benon alitaka kusema usiende, nakuomba, usiende. Kiburi kikamtangulia. "Nenda tu. Amerika iko na viwanda mingi."

"Ni hayo tu unayonambia?"

"Ni hayo."

Basi hapo akajiharibia mwenyewe. Wiki mbili alijitesa, na Jumamosi akakodi pikipiki hadi Kashojwa aende akaseme la moyoni. Sasa, Wakongomani wa Nakivale wana desturi yao: anayekaribia kuruka kwenda ng'ambo hugawa vyombo vyake kwa majirani, na kwaya ya kanisa humwimbia mlangoni. Benon alifika akaona kwaya imejipanga, na Pélagie katikati ya uwanja akiwapa wanawake sufuria, moja baada ya nyingine. Hakuuliza hata mtu mmoja. Aligeuza pikipiki, akazima simu.

Pélagie alipiga, akapiga tena, hakuna kitu. Akaamini tu kuwa sajini, babake Benon, amekataa mkwe mkimbizi. Alilia hadi macho yakavimba, asijue kwamba sajini wa watu alikuwa ameshaanza kumsifu kwa majirani.

Mackline, dada yake Benon, ndiye aliyechoka kumtazama. "Wewe, ulimuuliza?"

"Nimeona na macho yangu!"

"Mimi nakuuliza kama ulimuuliza. Mjinga wewe! Hata hiyo kinu umemaliza, si uipeleke!"

Siku ya safari Benon akapakia kinu kwenye pikapu, akaingia Nakivale mbio. Pale Base Camp, kituo kikuu cha makazi, mabasi yalikuwa yanageuka, vumbi limetanda, vitambaa vinapungwa madirishani. Akamshika mama mmoja mkono.

"Nyabo, mama mkubwa ya Pélagie iko wapi?"

"Amekwenda, mwanangu. Basi ya mbele kabisa."

Benon akarudi kwenye pikapu, akakaa juu ya kinu chake, akalia waziwazi, mwanamume mzima na ovaroli yake iliyotobolewa na cheche. Alijichukia kwelikweli.

"Fundi, hii kinu ni ya nani?"

Alikuwa Pélagie, kitenge kilekile cha njano, macho mekundu.

"Wewe... basi imekuacha?"

"Mimi ndiye niliacha basi. Nilienda ku biro ya safari, nikasema batoshe jina yangu mu dosiye, baifute. Mama mukubwa alilia sana, kisha akanibariki."

"Lakini niliona unagawa sufuria!"

"Ni za mama mukubwa zile! Weye ulikuja, ukaniona, ukarudi bila kunisemesha?" Akampiga kofi la begani, kisha la pili. "Yangu ni moja tu. Sikuipa mutu."

Aliiinua. Ilikuwa ile yenye mkono mnene wa chuma.

Walishusha kinu hapohapo. Benon akazungusha, Pélagie akachukua muwa kwa mchuuzi wa pembeni, akauingiza, maji yakatiririka ndani ya ile sufuria. Alionja, akafumba macho.

"Ni harufu ya kwetu," akasema. "Papa alirudia nyumbani akinuka hivi." Na akapumua kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Pélagie, nisamehe. Mimi..."

"Ngoja. Kwanza fungula simu yako."

Benon akaiwasha. Muda si muda ikalia mkononi mwake. Pélagie alisimama hatua mbili tu mbele yake, simu sikioni, uso mkavu.

"Alo, Benon?"

"Ndiyo, mpenzi."

"Siku nikirudia Ruzizi kufungula kiwanda, nitataka fundi."

"Fundi iko. Na bwana?"

"Nafasi ya bwana iko. Unaomba?"

"Naomba!" Benon alipaza sauti hadi watu wakageuka. "Naomba leo, naomba kesho, mpaka unipe!"

"Pole pole, sheri wangu," Pélagie akanong'ona, machozi yanamtoka na anacheka. "Umeshapewa. Na hii simu usizime tena."