Diski Mbili za Badria

Sisi tunakaa Mchafukoge, ghorofani. Kila siku mjukuu wangu Badria akitoka shule anakula, anaosha vyombo, halafu anakaa kwenye kompyuta kumsaidia mama yake. Mama yake ndiye mwanangu Siwema, anapiga video za singo. Mnajua wenyewe, kabla ya harusi mwali anasuguliwa mwili kwa liwa, wanawake wanavua mitandio, wanacheza. Mwanamume haoni. Ndiyo maana Siwema ana sharti: video haizagai kwenye simu wala flashi. Inakaa kwenye kompyuta tu mpaka mwenyewe aje.

Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito, jamani. Unabonyeza, unaenda kunywa chai, unarudi, bado inawaza.

Badria akasikia shuleni kwamba diski mbili zikiunganishwa zinaenda mbio. Alikuwa na diski ya zamani, kapewa na mjomba wake. Siwema aliposafiri, akaniomba nimsindikize Kariakoo kwa fundi, tukaibeba na kompyuta.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Anajua, babu."

Hakujua.

Fundi Eliakimu akaigeuzageuza ile diski. "Hii kongwe kama babu yako."

"Mimi bado nabeba ndoo ya maji," nikamwambia.

Akacheka. Halafu akamgeukia Badria. "Video umezitoa?"

"Ziko kwenye flashi."

"Basi ziache hukohuko, hata nikishamaliza. Hizi diski ni kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi. Kila video inakatwa, vipande huku, vipande kule. Wanafika haraka. Mmoja akiachia, kabati lote chini."

"Sawa, kaka."

Akaziunganisha, tukarudi. Badria akazirudisha video kwenye kompyuta, halafu, kwa ajili ya lile sharti la mama yake, akaifuta flashi.

Kompyuta ikawa inakimbia. Siwema aliporudi akashangaa, "Hii imepewa dawa gani?" Badria akacheka tu. Angesema hapo, mama yake angeweka nakala kabatini na kufunga. Hakusema.

Haukupita muda, ile kongwe ikaanza kugongagonga ndani, ikazima. Badria akalia, akamweleza mama yake yote. Wakampelekea Eliakimu. Akajaribu weee, akatikisa kichwa. Nusu ya video si video.

Humo mlikuwa na singo ya Kuruthumu wa Ilala. Bibi yake alimwimbia siku ile, na baada ya harusi bibi akafariki. Kuruthumu akaja kuichukua, ana hamu, kavaa vizuri.

Siwema akafungua mdomo. Badria akamshika mkono. "Mama, niache niseme mimi."

Akasema. Kuruthumu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hata pale bibi anapoimba?"

"Hata pale, dada. Nisamehe."

Kuruthumu akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Chai hakuigusa. Mlangoni akasema, "Afadhali umeniambia mwenyewe," akashuka ngazi taratibu. Mimi nilikosa pa kutazama.

Siku hizi kompyuta ina diski moja mpya, na nakala iko kabatini, ufunguo anao Siwema. Video zinazopigwa sasa ziko salama. Ile ya Kuruthumu ndiyo hairudi.

Jioni ileile aliyokuja Kuruthumu, Badria alisema, "Mama, ile diski ndiyo imeniponza."

Siwema akamvuta karibu. "Mwanangu, diski kufa ni bahati mbaya, inamkuta yeyote. Lakini mimi nisingeweza kulinda kitu ulichonificha. Kunificha, hiyo haikuwa bahati mbaya. Hiyo ulichagua."