Siku Mia Moja za King'amuzi

Siku ya kwanza kivuli-sauti kiliponena nyumbani kwake, Bi Mwanahawa alimwambia mumewe apunguze maneno, kisha akakumbuka kwamba mumewe yuko msikitini. Ilikuwa alasiri. Alikuwa peke yake sebuleni, akitazama taarifa ya habari kwenye kioo kilichotundikwa ukutani. Mtangazaji alikuwa ametoka kusema kwamba kuna habari njema kwa wakazi wa Tanga, na sauti ya mumewe, mzee Kupaza, ile ile yenye mkwaruzo wa tumbaku, ikauliza kutoka upande wa kiti chake: "Njema kwa nani?" Bi Mwanahawa akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee aliporudi na kusimuliwa, yeye hakucheka. Alinuna siku mbili nzima, akilalamika kwamba hajafa bado na tayari ana mrithi.

Hicho ndicho kilichoitwa king'amuzi-mwenza. Wataalamu wa miaka ile walikuwa wamegundua, baada ya utafiti mrefu, jambo ambalo bibi zetu walilijua bila utafiti wowote: mtu hatazami televisheni kwa sababu ya chaneli. Mpe chaneli elfu mbili, bado atataka mtu wa kumwambia "umemwona huyo?" Basi king'amuzi kilikaa kimya miezi miwili mitatu kikiwasikiliza wenye nyumba. Kilijifunza nani hucheka wapi, nani huguna lini, nani hubishana na waamuzi wa mpira. Kisha kikamtengenezea kila mmoja kivuli-sauti chake, ili akitoka, anayebaki asitazame peke yake. Bi Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimtania mwenzake kwamba ameletewa mke mwenza. Bi Mwanahawa akamjibu kuwa mke mwenza asiyekula wala kununa, na mwenye maneno ya mumewe matupu, hana hasara naye.

Aliyewaletea mashine hiyo ni binti yao wa pekee, Saumu. Yeye alikuwa mhandisi Dodoma, katika shirika lililotengeneza ving'amuzi hivyo, na yeye na wenzake watano ndio walioandika kanuni za kumbukumbu yake. Alikuja likizo akawachukua wazee wake mpaka dukani. Muuzaji alisifia kioo kikubwa, mzee Kupaza akataka kidogo. Muuzaji alisifia sauti ya pande nne, mzee akauliza kikiharibika nani atakitengeneza. Mwisho wakafika kwenye swali la kumbukumbu. Vivuli-sauti vingeweza kuhifadhiwa kwenye ghala kuu la shirika, ama vikakaa ndani ya king'amuzi chenyewe, visitoke nje ya nyumba. Hapo mzee hakutaka hata kumalizia kusikia. Alisema maneno yake ya nyumbani hayatakwenda kulala kwa watu. Saumu alicheka, akachagua kumbukumbu ya ndani, na moyoni alijivunia baba mwenye haya ya namna ile.

Wakaishi nacho miaka sita. Tamthilia ikianza saa kumi, mzee hujifanya anasoma gazeti. Kila mhusika mpya akitokea anasema, "Huyo hafiki mwisho," na mara nyingi hafiki kweli. Kipindi kikiisha, huwaaga watu wa kwenye kioo kama jirani anayetoka barazani kwao: "Haya, tumewaacha salama." Ndipo anazima. Hata king'amuzi kilijifunza kuaga hivyo hivyo.

Mzee Kupaza alifariki ghafla, siku ya Jumanne, akijiandaa kwenda kuoga. Kabla maiti haijatolewa, shangazi mtu, Bi Mwanamvua, alizima king'amuzi na kuchomoa waya ukutani, maana nyumba ya msiba haina televisheni. Kioo kikafunikwa khanga. Saumu alikuja akazika, akakaa mpaka hitima, kisha kazi ikamwita. Watu wakatawanyika. Bi Mwanahawa akabaki na nguo zake nyeupe, akikaa eda ya miezi minne na siku kumi kama ilivyo ada ya wajane.

Hakukigusa king'amuzi. Bi Chausiku alimwambia hakuna kitabu kilichokataza, angekiwasha tu apate kuliwazika. Alikataa. Amsikie mumewe akibishana na mtangazaji, na udongo wa kaburi haujakauka? Aliona hiyo si adabu, wala si haki kwa marehemu. Lakini alikuwa na ahadi yake ya siri, akaja kumwambia binti yake tu kwa simu: siku atakayotoka eda ataoga, atavaa, atakifunua kile kioo, na atamsikia. Mara moja tu. Ahadi hiyo ndiyo iliyomvusha zile siku, wallahi, si chakula wala pole za watu.

Siku ya themanini alimpigia Saumu simu akamkuta mkutanini. Alimuuliza kama chombo kikizimwa muda mrefu hakiharibiki. Saumu alifikiria unyevu na kutu, kama fundi yeyote angefikiria, akamjibu haraka haraka.

"Hakiharibiki, mama. Hata mwaka."

Na kweli chombo hakikuharibika.

Saumu alikumbuka akiwa ndani ya treni ya umeme, akienda Tanga kumtoa mama yake eda. Hakuna aliyemkumbusha. Alikuwa anahesabu tu kwa vidole, miezi minne na siku kumi ni siku ngapi, na alipofika mia na thelathini vidole vikamganda. Kulikuwa na kanuni. Aliiandika yeye. King'amuzi kisipowashwa kwa siku mia moja kiamini kwamba wenye nyumba wamehama, na kifute vivuli-sauti vyote, ili mpangaji mgeni asije akarithi sauti za watu asiowajua. Ilikuwa kanuni nzuri, yenye huruma hata, na wenzake walimpigia makofi kwa ajili yake. Kuchomoa waya hakukusaidia kitu, maana ndani mlikuwa na betri ndogo iliyoendelea kuhesabu siku. Mganga hajigangi. Mtoto wa Tanga, aliyekulia mbele ya bibi mjane, alikaa mezani akapanga siku mia, na haikumpitia akilini kwamba kwao kuna nyumba ambazo hukaa kimya siku mia na thelathini kwa heshima tu. Na siku ile ya simu zilikuwa zimebaki ishirini. Laiti angesema neno moja, "kiwashe." Alilia ndani ya treni bila kujificha, abiria wa mbele yake akajifanya anatazama nje.

Alifika akiwa amejiapiza kusema. Akamkuta mama yake ameshaoga, amejifukiza udi, amevaa doti mpya ya khanga, anatabasamu kwa aibu kama mwari. Akashindwa. Wanawake walisoma dua, wakala, wakaagana. Saa kumi ilipokaribia walibaki wawili. Bi Mwanahawa akakunja ile khanga ya kwenye kioo taratibu, pembe kwa pembe, akachomeka waya mwenyewe. Kisha akaketi kwenye kiti chake, si kile cha mumewe, akaweka mikono mapajani.

Kioo kikawaka. Sauti laini ya kike, isiyo ya mtu yeyote, ikawakaribisha.

"Karibuni nyumba mpya. Hapa mko watazamaji wangapi?"

Bi Mwanahawa alisubiri. Alidhani ni matangazo. Swali likarudiwa, na safari hii akamtazama binti yake, na uso wa binti yake ukamwambia yote. Saumu alipiga magoti sakafuni akaeleza: siku mia, betri, wapangaji wageni, kumbukumbu ya ndani isiyo na nakala popote. Maneno ya kihandisi yalimtoka yakiwa mazito na ya kijinga. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliyepanga siku mia?"

Angeweza kusema shirika. Ingekuwa kweli nusu.

"Mimi, mama."

Bi Mwanahawa hakupandisha sauti.

"Ulipokuwa unahesabu, mwanangu, hukumkumbuka mjane hata mmoja?"

Bi Mwanahawa aliinuka, akachomoa waya, akakifunika kioo tena kwa khanga ile ile. Akaingia chumbani akafunga mlango. Miezi minne alikuwa amelia kwa kiasi, kama wanavyofundishwa wajane wenye imani. Jioni ile alilia bila kiasi, maana amempoteza mume mara ya pili, na binti yake alikaa nje ya mlango akisikiliza.

Kesho yake Saumu alipiga simu Dodoma, akawaeleza wenzake bila kujitetea, nao wakakubaliana kanuni ifutwe mara moja: king'amuzi kisifute sauti ya mtu mpaka kimewauliza wenyewe. Kwa nyumba nyingine zote ilikuwa salama. Alipomweleza mama yake, mama alisema vyema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya tatu, saa kumi kasoro, Bi Mwanahawa alikifunua kioo tena. Sauti ile ikauliza wako watazamaji wangapi. "Mmoja," akajibu, na kipindi kikaanza. Saumu aliketi mkekani karibu naye. Akatokea mhusika mpya, kijana mwenye suti, na Bi Mwanahawa akainua uso kuelekea ukutani, akatamka kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anayesomesha chuoni: "Huyo hafiki mwisho." Habari fupi ikapita katikati. "Njema kwa nani?" akauliza, na akakohoa kidogo mahali ambapo mumewe alikuwa akikohoa.

Saumu alimshika mkono. Alimwambia kwa upole kwamba hata akisema hivyo mwaka mzima, king'amuzi kitajifunza sauti yake yeye, si ya baba. Baba hatarudi kwa njia hiyo.

"Najua," alisema Bi Mwanahawa. Hakuondoa macho kwenye kioo. "Sifanyi kwa ajili yangu. Siku nami nikiondoka, hata kama nyumba ina msiba, hata shangazi yako akisema nini, usikizime."

Kipindi kikaisha. Bi Mwanahawa akasogea mbele kidogo kitini, akasafisha koo.

"Haya," akasema, "tumewaacha salama."