Bamia Zinazowasha

Kila alasiri, akishabadili sare za shule, Hanifa aliteremka bondeni hapo kwao Ruaruke kumsaidia bibi yake, Bibi Mwanamkuu, kumwagilia bamia. Siku hizo aliteremka shingo upande. Majani yalikuwa yamejikunja na kuwa manjano, na ukiyagusa tu, vidudu vya kijani, vidogo kuliko punje ya mchele, vinarukia upande wa pili.

"Vinafyonza utomvu hivi," alisema Bibi. "Mwaka jana havikutuweza. Bamia zetu nyingi zilikuwa na vinyweleo jani zima. Kidudu kikitua, mdomo wake haufiki kwenye jani. Hizi ni laini. Zimetoka wapi?"

Hanifa aliinama, akajifanya anapalilia. Alijua fika.

Msimu uliopita Bibi alifunga vitambaa vyekundu kwenye mibamia kumi yenye vinyweleo, ili isichumwe, matunda yakauke yawe mbegu. Lakini vinyweleo hivyo vilimwasha Hanifa mpaka darasani, wenzake wakamcheka anavyojikuna. Basi akavihamisha vitambaa kwa siri, akavifunga kwenye mibamia michache laini iliyokuwamo shambani.

"Macho yangu yamekwisha, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Nimefunga vitambaa ovyo. Shamba nimwachie mjomba wako Shaban, mimi nikakae barazani."

Hakuna aliyemwona Hanifa siku ile. Angenyamaza, yangekwisha. Lakini kumwona Bibi akijifuta machozi kwa ncha ya khanga kulimchoma moyo.

"Bibi, macho yako mazima. Nilivihamisha mimi. Zilikuwa zinaniwasha."

Bibi alichuma jani moja laini, akaligeuzageuza kiganjani. Hanifa aliona heri angepigwa.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," Bibi alisema mwishowe. "Ungeniambia zinakuwasha, ningekupa shati la mikono mirefu."

Jumamosi walikwenda Umwe kwa Bi Zaitun, ambaye Bibi aliwahi kumgawia mbegu za bamia zile zenye vinyweleo. Hanifa aliomba mwenyewe na kosa akalieleza mwenyewe, uso chini kwa aibu. Walirudi na mbegu kiganja kizima, wakang'oa mibamia mibovu, wakapanda upya. Majani mapya yalitoka na vinyweleo tele, na vile vidudu vikawa vichache mno.

"Bibi, umenisamehe?" Hanifa aliuliza siku walipokuwa wakichuma bamia za kwanza.

"Nimekusamehe. Mbegu tumeipata kwa Zaitun. Lakini mimi nilikwisha kujiona kipofu na kuliaga shamba langu, kwa kosa lisilo langu. Ukificha kosa lako, Hanifa, jua kuna mwenzio analibeba."

Hanifa alimshika Bibi mkono, wakaendelea kuchuma.