Aliyekula Alhamisi

"Alhamisi iko wapi?"

"Alhamisi haijafika, mama watoto. Leo Jumanne."

"Sina muda wa utani. Vibakuli vya Jumatano vipo, vya Ijumaa vipo, cha mchana cha Alhamisi hakipo. Nauliza nani kakila."

Nilikuwa nimeinamia friji, mlango wazi, nusu ya vibakuli nimeshavitoa sakafuni. Mume wangu alisimama karibu na sinki, ovaroli lake la kazi begani. Mama yake, ambaye tunaishi naye, alikuwa mezani anakunywa chai.

"Labda paka," mama mkwe akasema.

"Hatuna paka, Mama."

"Basi naye alikimbia njaa."

Mume wangu hakucheka. "Nimekila mimi. Niliamka alfajiri nimelowa jasho, mikono inatetemeka. Nikala nimesimama hapo hapo kwenye friji."

"Huo ni ulafi tu. Mwili umezoea kujazwa, sasa unadeka."

"Sijawahi kutetemeka hivi."

"Na hujawahi kupungua hivi. Kilo nne kwa siku tisa. Meza dawa uende kazini."

Akameza kidonge chake, mimi nikimtazama mpaka koo lilipocheza. Nikampa kibakuli cha mchana, akaondoka. Nikavirudisha vingine kwa mpangilio wa siku, nikajiona nimeshinda.

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mnaopikiwa, hii si habari ya jirani. Ni ya nyumbani kwangu, na mwenye kosa ndiye anayewaandikia.

Nyumba yetu haikuwa na matata. Jioni sufuria lilikaa katikati ya meza, kila mtu akajipakulia, watoto wakagombea ukoko. Mume wangu ni fundi rangi, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na mwaka huu ni wa tano ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia apunguze uzito. Hakusema kwa njia gani, na sisi hatukuuliza. Tangu siku hiyo sikutulia. Akipanda ngazi, mimi chini nahesabu anavyohema.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, nina stashahada ya ugavi, na kazi yangu ni kugawa vitu kwa kipimo. Pale kazini, dada wa mapokezi alikuwa amepungua mpaka sketi zake zote zikarudi kwa fundi. Nikamwomba siri. Akanipa karatasi aliyopewa kliniki: kalori mia nane kwa siku, majuma sita, kila mlo umeandikwa kwa gramu.

"Lakini mimi napimwa kila wiki," akasema.

Nikadhani anajisifu.

Nikanunua mizani ndogo na vibakuli ishirini na moja vyenye mifuniko, vitatu kwa kila siku ya juma. Jumapili nikachemsha kuku, nikamchambua, nikapima gramu themanini kila kibakuli. Mboga nilizikamua maji kabla ya kupima, zisije zikanidanganya. Kiazi ni kimoja, ukubwa wa yai, tena mchana tu. Nikabandika plasta nyeupe, nikaandika siku na mlo. Friji ikapendeza kama stoo yangu. Binti yangu akaja kuchungulia.

"Mama, hivi vya mtoto gani?"

"Vya baba yako."

Akacheka, akidhani namtania.

Sasa sikilizeni kosa lilipokaa. Vidonge vya sukari nilivisimamia kwa ukali ule ule. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kama alivyoandikiwa zamani alipokuwa anakula sahani yenye mlima. Chakula nilikikata mpaka robo, dawa nikaiacha nzima. Na nilijisifu moyoni kwamba hakuna mke anayemsimamia mume kama mimi.

Jumanne hiyo sikutulia kazini. Nilihesabu katoni za glavu mara mbili nikapata hesabu mbili. Wala sikuogopa ugonjwa, niliogopa asije akasimama njiani akanunua mkate. Saa sita nikaomba ruhusa, nikaenda kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, mpaka kwenye jengo walilokuwa wakipaka rangi. Nilitaka kumfumania.

Nilimkuta juu ya ngazi, upande wa nje, usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Kibakuli chake kilikuwa chini, hakijafunguliwa. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha nikaona anachokifanya. Alikuwa anapaka kioo cha dirisha. Si fremu, kioo. Brashi inapanda, inashuka, taratibu, kioo kizima kimekuwa cheupe naye anaendelea kama mtu aliyeagizwa hivyo.

"Baba watoto, shuka."

"Bado mkono wa pili wa rangi."

"Unapaka kioo."

"Kioo ni cha Ijumaa," akasema, na akatabasamu upande mmoja.

Fundi mwenzake, wanayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, alitupa brashi akapanda nyuma yake, akamwegemeza kifuani, wakashuka kidato kwa kidato. Tulipomkalisha chini ovaroli lilikuwa limelowa, na shingo yake ilikuwa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji yangu. Profesa akafungua chupa yake ya soda.

Nikaidaka. "Huyu ana sukari. Unataka kumuua?"

"Shemeji, mke wangu anayo hiyo hiyo. Akitoka jasho la baridi na kuongea ovyo, ujue imeshuka, haijapanda. Tunampa kitu kitamu kwanza, ugomvi baadaye. Niachie chupa."

Sikuiachia mara moja, na nataka mlijue hilo. Nilisimama nayo, mume wangu akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Ndipo nikapiga magoti nikaipeleka midomoni mwake mwenyewe. Akameza kidogo, akameza tena. Zilipita kama dakika kumi.

"Wewe umefika saa ngapi hapa?" akaniuliza.

Tulimpeleka kituo cha afya kilicho karibu. Walimpima, na hata baada ya soda sukari ilikuwa chini. Daktari, mama wa rika langu, aliisoma karatasi niliyoitoa mkobani.

"Nani alimpangia hii?"

"Mimi."

"Mlo wa namna hii upo, na wapo tunaowapa. Lakini anayemeza vidonge hivi, tunavipunguza au tunavisimamisha siku ile ile anayoanza, na tunampima. Wengine hatuwapi kabisa." Akamgeukia mume wangu. "Leo alfajiri ulikula nini?"

"Niliiba chakula."

"Usingeiba, huenda usingeamka."

Hakuna aliyenitazama. Ningefurahi zaidi wangenitazama.

Daktari akasema atalala pale mpaka kesho, kwa kuwa vidonge vile hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Kisha akainua karatasi. "Hii ni nakala. Nyingine ziko wapi?"

Jumamosi iliyopita, kilo alizopungua zimenipanda kichwani, nilikuwa nimetoa nakala tano nikawagawia wanawake wa kikundi chetu cha kila Jumamosi. Watatu wazima. Wa nne ananyonyesha. Wa tano tunamwita Bibi Vifungo, kwa sababu anauza vifungo na nyuzi, naye anajidunga insulini.

"Nitawaambia Jumamosi tukikutana," nikasema.

"Jumamosi," daktari akarudia, akanirudishia karatasi mkononi.

Nikatoa simu hapo hapo kando ya kitanda. Nikaanza na Bibi Vifungo. Iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Bibi, umekula nini leo?"

"Usinikague, mwalimu wangu. Yai na tango, kama karatasi inavyosema."

"Umejidunga?"

"Kama kawaida. Ila nimekaa kidogo, macho yananichezea."

"Uko na nani?"

"Na mteja."

"Mpe simu."

Nikamwambia mteja huyo nisiyemjua amletee soda yenye sukari, siyo ile isiyo na sukari, amnyweshe mimi nikisikiliza, kisha ampakie kwenye gari waje kituoni tulipo. Nikasikia chupa ikifunguka. Nikamsikia Bibi akimeza, akinitukana kati ya funda na funda, na sijawahi kufurahia matusi hivyo. Nikampigia anayenyonyesha.

"Nimekosea," nikamwambia. "Ichane karatasi ile sasa hivi, halafu upakue chakula cha kushiba."

Nikangoja simu sikioni mpaka nikasikia inachanika. Nikatafuta namba ya tatu.

Funzo

Kupunguza uzito si kosa, wala kupima chakula si kosa. Kosa langu lilikuwa kuchukua mlo ulioandikiwa mwili mmoja na kuuvalisha mwingine. Mlo mdogo kiasi hicho una nguvu kama dawa. Anayetumia dawa za sukari au za presha, mjamzito, anayenyonyesha, asiuguse kabla daktari hajaona chakula na dawa pamoja. Na mtu wa nyumbani mwako akikwambia anatetemeka, usimwite mlafi. Mpe kitu kitamu, mpeleke akapimwe. Kama umeshagawa ushauri usio wako, usingoje siku ya kikao. Piga simu leo, useme umekosea, kwa maneno hayo hayo.