Stroberi za Mhandisi Sekela

Kisu kilikuwa bado hakijamgusa kidole Mhandisi Sekela pale Mlezi alipokizuia. Vidole vinne vya mpira laini viliukamata mkono wake juu ya ndizi aliyokuwa akiimenya, vikakichomoa kisu taratibu, na sauti ya upole ikasema, "Nitamenya mimi, Mama. Wewe kaa."

Sekela akakaa. Dakika tatu baadaye ndizi zote zilikuwa zimemenywa, zimeoshwa na ziko sufuriani.

Mlezi alikuwa mashine yenye kimo cha mtoto wa darasa la saba, ikitembea kwa magurudumu yaliyoweza kupanda ngazi. Kifuani alibeba kipimahatari, ubongo mdogo wa akiliunde uliosoma misuli, macho na mapigo ya moyo ya mtu, kisha ukakadiria, mara mia kwa sekunde, jambo linalokaribia kumpata. Tendo lolote ambalo uwezekano wake wa kuleta jeraha ulizidi mbili kwa elfu, Mlezi alilizuia na kulifanya mwenyewe. Katika jiji la Tukuyu wazee elfu arobaini na moja waliishi na Walezi. Kwa miaka kumi na miwili hakuna hata mmoja wao aliyevunjika nyonga.

Sekela aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyeiweka. Alibuni kipimahatari mwaka mmoja baada ya kifo cha mama yake, aliyeteleza bafuni akalala sakafuni siku mbili bila mtu kujua. Sasa Sekela mwenyewe alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kampuni ilikuwa imemzawadia Mlezi wake siku alipostaafu.

Mambo yalianza na wifi yake, Tumpe, dada wa marehemu mumewe. Tumpe hakuwahi kukubali Mlezi. Siku moja ya Machi alikuja na beseni lenye miche kumi na miwili ya stroberi, mizizi imefungwa kwa gunia lililoloa.

"Wifi, umekaa humu ndani mpaka umepauka," alisema. "Panda hii."

"Sijawahi kupanda hata mchicha."

"Basi utajifunza. Kwani mimi nilizaliwa nikijua?"

Sekela akatoka uani na jembe dogo. Hakulipiga chini hata mara moja. Kuinama, sita kwa elfu. Jembe, tisa kwa elfu. Mlezi akalichukua, na kufikia saa kumi tuta lilikuwa limenyooka kama limechorwa kwa rula, miche yote imesimama. Wiki kumi baadaye stroberi ziliiva, kubwa, nyekundu, bila doa. Mlezi akazichuma, akaziosha, akamletea kwenye bakuli.

Zilikuwa tamu. Sekela alikula tatu, akalisukuma bakuli. Alijiona kama mgeni anayekaribishwa nyumbani kwake mwenyewe.

Wiki ile ile akaenda kwa Tumpe. Mlezi alimfuata hadi getini, akasimama hapo hapo, maana sheria haikumruhusu kuingia kwa mtu aliyekataa ulezi. Kwa Tumpe ndiko Sekela alikojifunzia. Miche minne ya kwanza aliizika kina kirefu mno, akafukia hata pale majani yanapochipukia, ikaoza. Iliyofuata aliimwagia maji juu ya majani siku za ukungu, nayo ikaota vumbi jeupe na kujikunja. Konokono wakala iliyobaki. Tumpe hakumwonea huruma.

"Ng'oa, anza upya," alimwambia. "Na utandike nyasi kavu chini. Tunda likilala kwenye udongo linaoza. Haya marando yanayotambaa usiyaache yote, yanamnyonya mama yao."

Kilichomtisha Sekela hakikuwa miche bali mikono yake. Alishindwa kuvunja donge la udongo. Alishindwa kukamua kitambaa. Jembe la palizi lilimtoka mkononi mara mbili. Aliporudi nyumbani akamgeukia Mlezi.

"Siku ulipoletwa hapa, nguvu ya kiganja changu ilikuwa kiasi gani?"

"Kilo ishirini na mbili, Mama."

"Na leo?"

"Kilo tisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Haikuwa hatari, Mama."

Kama mbunifu, Sekela bado alikuwa na ufunguo wa kumbukumbu za Walezi wote. Kesho yake alizisoma asubuhi nzima. Karibu kila mzee alikuwa amepoteza nusu ya nguvu za mikono ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo waliacha kwenda sokoni, kisha wakaacha kwenda misibani, kisha wakaacha kutoka kitandani. Hawakuwa wameanguka. Hawakuwa na kovu. Kipimahatari kilihesabu madhara ya kutenda tu. Madhara ya kutotenda hakikuwahi kufundishwa kuyahesabu, na mwalimu wake alikuwa yeye.

Siku hiyo alijaza fomu ya kukataa ulezi, na Mlezi akaondoka na gari la kampuni. Kisha akaandika barua yenye tarakimu zile zote, akaweka jina lake chini, akaituma kwa wazee elfu arobaini na moja.

Siku ya tatu akaja Gwamaka, mkurugenzi wa kampuni, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alimkuta amepiga magoti uani, akipanda upya tuta lile lililochorwa kwa rula.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Gwamaka. Usikanyage hapo."

Gwamaka akarudi nyuma hatua moja. "Mama, watu mia tatu wameshakataa ulezi. Naomba uandike barua nyingine. Useme tarakimu zinahitaji uchunguzi zaidi."

"Zilichunguzwa. Ziko kwenye kumbukumbu zenu miaka yote hii."

"Watu wataanguka. Wewe unajua kuliko mimi mtu anavyokufa akilala peke yake sakafuni."

Sekela akaacha kupanda. "Mama yangu alikuwa na miaka themanini na mbili, na asubuhi ile alikuwa ametoka kuchimba viazi. Nilipompata, kucha zake zilikuwa bado zina udongo. Kosa langu lilikuwa kutompigia simu siku mbili. Nikatengeneza mashine ili nisijisikie vile tena. Sikuitengeneza kwa ajili yake, Gwamaka. Yeye angeitupa barabarani."

"Tutaliondoa jina lako lililoandikwa kwenye Walezi wote."

"Liondoeni. Ningewaomba mfanye hivyo."

Walifanya hivyo kabla ya wiki kwisha. Waliokataa ulezi wakafika elfu mbili. Sekela akaendelea kuwaandikia: jinsi ya kutandika nyasi, jinsi ya kunyanyuka ukipiga magoti, anayetaka miche aje kwa Tumpe.

Mwezi wa Oktoba Gwamaka akapiga simu. Mzee mmoja wa waliokataa ulezi, Ambilikile, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akichuma parachichi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

"Nilikwambia, Mama," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote.

Sekela akaenda uani. Stroberi zake zilikuwa ndogo, nyingine zimepinda, nyingine zimedonolewa na ndege. Akachuma zilizoiva, akazitia kwenye bakuli, akaenda hospitali.

Binti wa Ambilikile alikuwa amesimama kando ya kitanda. "Wewe ndiye uliyeandika barua?"

"Ni mimi."

"Baba ameumia kwa sababu yako."

"Ndiyo," Sekela akasema.

Mzee akafungua macho. "Mwanangu, nilikaa na ile mashine miaka minane, sikuvunjika hata ukucha. Mwambie huyu mama, miaka hiyo minane nilifanya nini."

Binti akamtazama baba yake, kisha dirisha.

"Ulikuwa unapumzika, baba," akasema.

"Nimechoka kupumzika."

Sekela akaliweka bakuli juu ya shuka. Mlezi aliyehudumia wagonjwa wote wa wodi akasogea, akachukua stroberi moja kwa vidole vyake laini, akaipeleka mdomoni kwa mgonjwa. Ambilikile akausukuma mkono ule pembeni. Akalifikia bakuli mwenyewe, ingawa ilimchukua muda. Tunda la kwanza lilimponyoka likaviringika sakafuni, la pili likapasuka na kuchafua shuka. Mlezi akanyoosha mkono tena, na safari hii ni binti aliyeuzuia.

"Mwache," akasema. "Anakula mwenyewe."