Zamu ya Mzee Waya

Jioni ile watu walishaanza kutoka ofisini. Wafagiaji wanaburuta ndoo zao, lifti inashuka imejaa, na Mama Seva ameshatundika mkoba begani. Ndipo Mkurugenzi akamwita. Mama Seva si jina lake. Ni utani wa wenzake, kwa sababu analea mashine kuliko anavyolea wanawe.

"Dada, niokoe," Mkurugenzi akasema, tabasamu hadi gego la mwisho. "Wakaguzi wa usalama wanakuja asubuhi. Zile seva mbili mpya za usimamizi ziunge na ya zamani, futa akaunti za watu wasiokuwepo, funga kila upenyo usiotumika. Kazi ndogo tu."

Kazi ndogo! Ngoja niwaambieni hiyo kazi ndogo ni ipi. Serikali ile ilishaachana na habari ya kila idara kuwa na kompyuta yake. Hospitali, ardhi, mishahara, vizazi na vifo, vyote sasa ni mashine pepe, zisizoshikika kwa mkono, zimepakiwa ndani ya vyuma vichache kwenye chumba kimoja cha baridi. Na juu ya zote ipo seva ya usimamizi, inayoziwasha, inayozizima, inayozihamisha. Ukiishika hiyo, umeishika nchi nzima shingoni. Mafundi waliomba waongezewe watu, wakaomba tena mpaka midomo ikakauka. Wakaambiwa bajeti hakuna. Mwezi uleule Mkurugenzi akabadilisha gari.

Aliyekuwa akiilinda seva hiyo ni Mzee Waya, fundi aliyemfundisha Mama Seva kazi. Alikesha humo peke yake, usiku kwa mchana, mpaka asubuhi moja wakamkuta ameinamia kibodi, ameshapoa. Wakamzika. Mkurugenzi akasoma hotuba, akatoa na machozi. Nafasi ya marehemu haikujazwa. Na la ajabu, tangu siku hiyo seva haikugoma tena hata mara moja, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

"Kadi yangu mliichukua kwenda kuibadilisha," Mama Seva akamkumbusha bosi. "Mlango nitaufunguaje?"

"Chukua yangu." Akaivua shingoni, kadi yenye picha yake. "Na uende peke yako. Mambo ya usalama haya."

Akaenda, moyoni anamtukana matusi ya nguoni. Nyumbani watoto wanamsubiri yeye ndipo wale. Lakini mtumishi wa umma ana ujanja gani?

Mlango wa chumba cha seva ukalia, ukafunguka, ukajifunga nyuma yake. Baridi. Feni zinavuma. Taa ndogo za kijani zinapepesa kwenye makabati. Akaketi kwenye meza ya karibu na mlango, akaiunga seva mpya ya kwanza, kisha ya pili. Zikapokeana vizuri. Akaanza kufuta akaunti: waliostaafu, waliohama, waliofukuzwa. Akafika kwenye ya Mzee Waya. Akabonyeza.

Ikakataa.

*Mtumiaji huyu yuko kazini.*

"Mshenzi gani anatumia akaunti ya marehemu?" akafoka. Ndiyo tabia yao, kugawana nenosiri kama sigara! Akatafuta mtu huyo anaingilia wapi, akidhani ni ghorofa ya juu, kwa wakubwa.

Kioo cha kompyuta kikamwambia: kibodi ya humuhumu ndani. Nyuma ya kabati la mwisho.

Akatega sikio.

Ta... ta-ta... ta...

Mtu anaandika.

Halafu ikaja harufu. Dawa ya kuchua mgongo. Zamani harufu hiyo ilikuwa inatangulia kufika, ndipo Mzee Waya anafuata. Na chini yake harufu nyingine... udongo mbichi.

"Nani hapo?"

Ta-ta.

"Binti..." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaonja maji siku nyingi. "Umechelewa kunijia."

Akainuka, akaenda. Akachungulia nyuma ya kabati. Mgongo. Koti lile la kijivu. Mtu hakugeuka. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, na kucha, zilizoota ndefu mno, ndizo zilizokuwa zinagonga kibodi.

"Mzee... wewe tulikuzika."

"Mlizika mwili. Zamu sikupokelewa." Vidole havikusimama. "Nimechoka, binti. Inua kigae hapa miguuni."

Sakafu ya chumba kile imeinuliwa, nyaya zinapita chini yake. Mama Seva akachukua kishikio cha kuinulia vigae, akang'oa kimoja. Katikati ya nyaya palikuwa na kifurushi cha kaniki kimefungwa kwa waya wa mtandao. Akakifungua kidogo. Ndani, kadi ya kazi ya Mzee Waya na kipande cha ukucha. Pembeni yake kulikuwa na kaniki nyingine, mpya, imetandazwa, bado haijafungwa.

Juu yake palikuwa na kadi.

Yake mwenyewe.

"Seva zimeongezeka," Mzee Waya akanong'ona. "Mimi peke yangu siziwezi. Mkurugenzi amemleta tena yule mtu wake wa kufukiza. Wewe unafungwa usiku huu..."

Aliogopa, jamani, asikudanganye mtu. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda juu ya woga, ikaukalia.

"Tuliomba watu!" akapiga kelele, sauti ikapasuka. "Watu wawili tu, Mzee! Wawili! Akatuletea mganga!"

Mabega ya Mzee Waya yalitikisika kidogo, labda kilio, labda kicheko.

"Nikikutoa?"

"Zamu haiachwi tupu. Lazima akae mtu."

Mama Seva akaitazama kadi aliyopewa, inaning'inia mkononi mwake. Akaliona lile tabasamu. Wala hakujishauri. Akaivuta ya Mzee Waya pamoja na ule ukucha, akaizoa na yake, akaitumbukiza ya Mkurugenzi ndani ya kaniki, akakaza waya kwa meno mpaka fizi zikatoka damu.

"Haya, kaa wewe! Kazi ndogo tu!"

Kibodi ikanyamaza.

Kiti kikabaki kitupu, na harufu ya dawa ikafifia taratibu. Akarudi mezani, akabonyeza tena. Safari hii akaunti ikafutika bila ubishi.

Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakapiga picha na makabati. Mkurugenzi hakutokea. Wakasema ni homa. Wiki iliyofuata Mama Seva akaingia tena chumbani kwa kadi yake, na nyuma ya kabati la mwisho akasikia: ta... ta... Polepole, kwa kidole kimoja. Mtu aliyezoea kuandikiwa na wengine maisha yake yote.

Hakwenda kuchungulia.

Jioni moja, akiwa bado ofisini, simu yake ikaita. Alikuwa mke wa Mkurugenzi.

"Amelala tu, macho wazi," mama yule akasema kwa sauti ya chini. "Vidole vinaandika kwenye shuka, usiku na mchana. Najua ulichokifanya. Alinieleza yote, tangu wakati wa yule mzee."

"Ulijua?" Mama Seva damu ikamchemka. "Ulijua, na ulikuja msibani ukamkumbatia mjane wake?"

"Mtoe mume wangu."

"Zamu haiachwi tupu, mama."

Mama Seva akasubiri kilio.

"Hilo nalijua," mama yule akajibu, ametulia kabisa. "Ndiyo maana nimekuja na mtu. Tupo hapa getini na yule mtaalamu wa kufukiza. Atakayekaa ni msichana wangu wa kazi za nyumbani, yatima, hana wa kumuulizia. Kitambulisho chake ninacho. Wewe shuka utufungulie mlango tu."

Mama Seva akafungua mdomo atukane. Kwenye simu akasikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha sauti changa, imejaa furaha:

"Mama, hapa ndipo kwenye ile kazi ya serikali?"