Mwendo wa Marehemu

Lifti ya jengo la kliniki iligoma saa za mchana, wakati watu wamefurika pale chini. Wenye mikongojo, wajawazito, mama aliyempakata mtoto mwenye homa, wote walikuwa wakitazama mlango wa chuma uliofunguka nusu, na nyuma yake giza na nyaya. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke aliyevaa gauni la kijani kibichi, kola imekaa sawasawa, kiuno kimebana bila mkunjo hata mmoja. Ungesema anakwenda harusini, isipokuwa alisimama kaenda upande, mkono wa kushoto umeshika nyonga kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

Alikuwa mkata vitambaa. Katika karakana ya kushonea sare za shule alisimama kutwa ameinama juu ya meza ndefu, na wenzake walimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Mgongo ulianza kama uchovu. Baadaye maumivu yakateremka mguuni mpaka kwenye unyayo, yakamfundisha kulala ameketi. Siku hiyo alikuwa na miadi na daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo, orofa ya juu kabisa, na alipozitazama zile ngazi alitamani kulia.

Alikuwa ndiyo kwanza amezielekea ngazi pale mwanamume mmoja alipochomoza kutoka ndani ya lile giza, ovaroli la buluu, mikono imejaa grisi, taa ndogo kipajini. Ni fundi wa lifti. Alikuwa akiwatuliza watu, anawaambia kitu gani kimekatika, na alipomwona Mkasi akitembea maneno yakamkatikia mdomoni. Hakumtazama usoni wala kiunoni kama wanaume wengine. Alimtazama anavyokwenda, na uso wake ukasawijika.

"Dada, usipande," akasema. "Nivumilie kidogo, nitakupandisha wewe wa kwanza."

"Na ukinidondosha?"

"Tutadondoka wote. Mimi ndiye nitakayebonyeza."

Mkasi akacheka, mgongo ukamkemea, akanyamaza. Lakini alisubiri, na Fundi akampandisha wa kwanza kweli, wamesimama ndani ya kile chumba kidogo cha chuma, mmoja ananukia grisi, mwingine marashi. Huko juu daktari alimpokea katika ofisi ya vioo iliyojaa picha zake mwenyewe akipeana mikono na watu. Aliitazama picha ya MRI, akasema diski imeteleza kati ya pingili na inabana neva, aje Jumatatu akatwe, baada ya hapo atacheza muziki. Hakumwambia avue hata viatu. Mkasi alitoka akiwa na wasiwasi ambao hakuweza kuueleza, akamkuta Fundi bado yuko mlangoni mwa lifti, anajifanya anakaza skrubu. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu ya Fundi ililia kila mchana, wakati wa mapumziko ya karakana, na salamu yake ilikuwa moja.

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Kaa basi, kipenzi. Mguu mmoja uweke juu ya kigoda."

"Nani kakufundisha habari za migongo, wewe fundi wa mashine?"

Hapo alikuwa akicheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Wenzake walimtania Mkasi kwamba amepata bwana au amepata nesi, naye akawajibu kwamba amepata vyote viwili kwa bei ya kimoja. Alijua kwamba Fundi alifiwa na mke. Aliambiwa mapema, kwamba aliugua akafariki, basi, naye hakuchokonoa zaidi. Kila mtu mzima ana mlango wake aliourudishia.

Jumapili moja akaenda kwake. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, safi, mapazia yamefuliwa. Mkasi aliingia amejiandaa kuteswa na makochi laini kama anavyoteswa kila nyumba, lakini Fundi akamvutia kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, na mto mdogo umefungwa kwa kamba mahali pale pale panapouma. Alipokaa, mwili mzima ulishusha pumzi. Kitandani, chini ya godoro, palikuwa na ubao. Bafuni palikuwa na bomba la chuma lililopigiliwa ukutani, la kujishikia mtu anapotaka kuinuka. Vyombo vya jikoni vilipangwa kwa kimo cha mkono, hakuna hata kimoja cha kukiinamia. Mkasi hakuwahi kuingia nyumba iliyomhurumia namna ile. Alirudi akimsifia dada yake, mwalimu wa chekechea ambaye yeye aliishi kwake, akisema kwamba huyu mwanamume anaujua mwili wake kuliko anavyoujua mwenyewe.

Aliendelea kwenda. Siku moja, akiwa bafuni, akaona kwamba rangi ya lile bomba imelika mahali pamoja, na vidole vyake vimekaa palepale palipolika. Kuna mtu alikuwa akilishika hapa, kila asubuhi, mpaka rangi ikaisha. Aliliachia upesi kana kwamba ameshika kiganja cha mtu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na macho. Mto wa kiti ulikuwa na bonde ambalo si yeye aliyelifanya. Godoro lilizama upande wa ukutani, na kila alipojilaza liliupokea mwili wake kama viatu vinavyompokea mwenyewe. Kabatini palinuka dawa ya kuchua, ile ile aliyotumia yeye, lakini yake ilikuwa kwenye mkoba. Alijiambia ni ujinga kumwonea wivu mtu aliyekufa, lakini hasa haukuwa wivu. Ilikuwa ni kuogopa kwamba amevaa nguo ya mtu, na imemkaa.

Kisha shemeji akaja. Alikuwa mdogo wa marehemu, binti mpole aliyezoea kupita kumjulia hali Fundi. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi, Fundi ametoka kununua mkate, na Mkasi alikuwa akielekea jikoni na kikombe mkononi. Nyuma yake akasikia sauti ndogo ikisema, "Dada."

Akageuka. Msichana alikuwa kizingitini, mdomo wazi. Alipouona uso, akakaa pale pale chini.

"Nisamehe," akasema. "Nimekuona kwa nyuma."

Mkasi alimletea maji, na shemeji akamsimulia yote, maana alidhani anayajua. Kwamba dada yake alitembea hivyo hivyo, ameegemea upande, mkono kiunoni, kwa miaka. Kwamba alipasuliwa mgongo na upasuaji ukaenda vizuri, familia ikafurahi. Siku chache baadaye, wakati bado amelazwa, bonge la damu lilitoka mguuni likapanda mapafuni, na muuguzi aliyemletea chai alimkuta amekwisha kwenda.

"Hata kikombe," shemeji akasema, "alikuwa akikishika hivyo. Mkono mmoja, kwa sababu wa pili una kazi."

Fundi aliporudi, shemeji aliaga. Mkasi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakutaka kukalia kile kiti.

"Siku ile kwenye lifti ulimwona nani?"

Fundi aliweka mkate mezani polepole. "Nilimwona yeye," akasema. "Kwa sekunde moja. Halafu nikakuona wewe."

"Sekunde moja tu?"

Fundi akautazama mkate. Ndipo Mkasi akamwambia jambo alilokuwa amelificha, kwamba unyayo wa kushoto umeanza kulegea, ndara zinamvuka bila habari, na kwamba ameamua kutafuta daktari mwingine apasuliwe. Fundi akamshika mikono yote miwili. Alimsihi asikubali. Alisema atamfulia, atampikia, atambeba ikibidi.

"Tuishi hivi hivi, mpenzi. Humu ndani kila kitu kipo tayari."

"Kipo tayari kwa nani?"

Mkasi akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka kwa shida.

"Na mimi nikinyooka, utanipenda?"

Pengine angejibu upesi mambo yangekwisha pale. Alikawia, na Mkasi akaondoka.

Simu ililia siku nyingi, hakuipokea. Alikuwa na kazi ya kutafuta mtu wa kumkabidhi mgongo wake. Yule wa ofisi ya vioo Mkasi alikwisha kumfuta. Alikwenda kwa mzee mmoja mwenye sifa kubwa, ambaye alimwandikia vidonge na kumwambia wanawake wa siku hizi hawapumziki. Mwishowe karakana ikamwelekeza hospitali ya umma, ukumbi uliojaa watu, ambako daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye ndara za mpira na sauti ya kuchoka. Huyu kabla ya kutazama picha alimwambia atembee. Kisha atembee kwa visigino. Unyayo wa kushoto ukakataa kuinuka, na daktari akachutama akaushika kwa mkono.

"Mguu huu hauwezi kungoja sana," akasema. "Nikiondoa kinachobana, maumivu ya mguu yana nafasi nzuri ya kupungua. Nguvu ya unyayo huenda ikarudi yote, huenda ikarudi kidogo. Mgongo wenyewe sikuahidi."

Mkasi alimwuliza kama anaweza kuzungumza na watu aliowapasua. Daktari akampa namba za wawili waliokubali kuulizwa, na mmoja wao, akamwambia wazi, hakupona alivyotaka. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Mkasi akampigia huyo kwanza. Mzee alieleza kwa kirefu kwamba bado anaumwa akikaa, na alipoulizwa kama anajuta alifikiri kidogo, akasema hapana, kwa sababu hakudanganywa. Baada ya simu hiyo Mkasi hakutafuta tena.

Lakini yule marehemu hakumwacha. Kila alipofumba macho alimwona mwanamke aliyelala chali kitandani, amepona, chai inakuja. Basi akarudi kwa daktari akamwuliza juu ya bonge la damu. Daktari akavua miwani. Alisema hatari hiyo ipo, ndogo, lakini ipo. Watamvalisha soksi za kubana, watampa dawa ikihitajika, na zaidi ya yote watamsimamisha mapema, apende asipende.

"Swali hili watu wengi hawaulizi," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Kuna mtu," akajibu Mkasi, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba yule marehemu hakuwa amekaa ndani yake ili kumtisha.

Mchana wa kuamkia upasuaji akaipokea simu.

"Umekaa au umesimama?" Fundi akauliza, sauti imekwaruza.

"Nimelala. Nipo wodini."

Fundi akasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Wauguzi walikuwa wakija kumwinua mkewe, naye mke akilalamika anaumwa, aachwe alale. Ni yeye Fundi aliyewasihi wamwache. Alikaa pembeni ya kitanda akimpepea, akifurahi kwamba hatimaye anapumzika.

"Hukujua," Mkasi akasema.

"Sikujua. Lakini nilikuwepo."

Mkasi alimtajia hospitali, lakini hakumwambia aje wala asije.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka kutoka usingizi wa nusu kaputi, ule moto wa mguuni ulikuwa umezimika, kimya kabisa, mpaka akautafuta. Kesho yake asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaja na kigari cha kujishikia. Walipomgeuza ubavu, kidonda kilimkata pumzi, jasho likamtoka.

"Niacheni nilale," akasema. "Nitasimama jioni. Nawaombeni, nilale tu kidogo."

Fundi alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwona alipofika. Alivaa shati la kazini, mikono imening'inia, na midomo ilikuwa mikavu. Mkasi akamwona, akamgeuzia yale macho ya kuomba, maana alijua huyu hawezi kumkatalia.

"Simama," Fundi akasema.

Alisema kwa sauti ya chini. Mkasi akamwambia anaumwa. Fundi akajibu kwamba anajua, kisha akarudia, simama, simama mama, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Mkasi akasimama.

Alisimama wima. Mkono wake wa kushoto ulitafuta nyonga kwa mazoea, ukakuta hauna kazi, ukarudi chini. Akapiga hatua moja, nyingine, mpaka akafika mbele ya Fundi, na kumbe alikuwa mrefu, macho yake yamelingana na ya yule mwanamume. Fundi alimtazama muda mrefu, na Mkasi akakiona kitu kikiondoka usoni mwake, kama mtu anayeagwa kituoni.

"Sikujui," Fundi akasema.

"Najua hunijui."

"Nataka nikujue."

"Basi siyo humu," akasema Mkasi, akiwa ameanza kuchoka. "Na siyo nyumbani kwako. Njoo kwa dada yangu, kama watu wanavyokuja."

Alipotoka hospitali alirudi kwa dada yake. Kidole kidogo cha mguu kilibaki na ganzi, na jioni mgongo ulimnung'unikia, lakini unyayo uliinuka. Fundi alipiga simu mara moja tu. Alisema kiti na ubao vimechukuliwa na shemeji, na kwamba bomba ameling'oa, ila matundu yanaonekana hata baada ya kuyaziba.

"Yaache yaonekane," Mkasi akamwambia.

Jumamosi moja alasiri, hodi ikapigwa. Dada alitaka kufungua, Mkasi akamzuia. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa alilolikata mwenyewe upya, kwa sababu yale ya zamani yote yalikuwa yamemkalia kombo. Akaenda taratibu, akafungua.

Fundi alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, kucha zimesuguliwa na bado zina weusi. Alisema amekuja kuposa. Mkasi akamwuliza anamposa nani, naye akalitaja jina lake, lake yeye na la baba yake, polepole na lote, bila kukosea.

Mkasi akachungulia kidogo nyuma ya bega lake, kwenye ngazi tupu.

"Umekuja peke yako?"

Fundi alifikiri. Hakutaka kusema uongo mlangoni pa watu.

"Karibu peke yangu," akasema.

Mkasi akasogea pembeni, akaushika mlango usijifunge.

"Basi ingieni."